Heroe Aliyesafishwa Miguu

Mdogo wangu Masuda hawezi kuona doa akaliacha likakaa. Tangu udogo wake hapa mtaani kwetu Rashidiya, ukimpa chai kwenye kikombe chenye alama, atakifuta kwanza ndipo anywe. Alipopata kazi ya kusafisha picha za harusi kule Garhoud, studio ya wanawake peke yao, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikamwambia, "Wee Masuda, ugonjwa wako sasa umekuwa kazi!"

Kazi yenyewe ina masharti yake. Biharusi kapigwa picha kichwa wazi, mabega wazi, hataki sura yake izagae mjini. Basi Masuda anakaa na mama wa biharusi kwenye kompyuta, anatoa chunusi, anatoa waya wa taa, anamtoa shangazi aliyepita nyuma na sahani ya biriani. Akishachapa, anafuta picha za asili zote mbele ya macho ya yule mama, na kadi ya kamera anaisafisha. Khalas, yamekwisha. Kafanya hivyo miaka, mkono umezoea, haungoji tena kuambiwa na kichwa.

Siku za mapumziko huenda khori, ule mkono wa bahari, kwenye kibanda cha kutazamia heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu kama njiti za mishikaki. Jumamosi moja akarudi na picha, toba, uzuri wake! Heroe mmoja kasimama peke yake, shingo kaikunja, maji yametulia tuli. Daktari Shifaa, jirani yetu mwenye kliniki Oud Metha, alipoiona aliiomba aitundike pale wanapongojea wagonjwa.

"Ilikuwa na takataka kidogo," Masuda akaniambia huku anakunja nguo. "Kulikuwa na nguzo imechomoza majini, na kitu kama pete ya plastiki mguuni, na uzi wa kijani. Nimeviondoa."

Nikamsifu, tukaendelea na nguo.

Wiki iliyofuata tukaenda khori pamoja. Kenneth, mlinzi wa pale, kijana wa Kiganda mwenye adabu zake, akatujia mbio.

"Madam, habari ya leo? Jumamosi ile ulikuwa hapa, si ndiyo? Kuna mgeni alisema ameona heroe mmoja amefungwa na uzi wa kuvua samaki mguuni. Daktari wa wanyama yuko tayari kuja, lakini ndege ni wengi na wote wanafanana. Kama una picha, hata mbaya, tutasoma namba ya pete wanayovishwa mguuni, na tutajua alisimama wapi."

Nilimtazama mdogo wangu. Akafungua simu, akampa ile picha. Nami nikasema moyoni, haya, sasa ataeleza.

Kenneth akaikuza kwa vidole, akatabasamu. "Ah, huyu mzuri sana! Miguu safi, pete hana. Huyu mzima, madam. Basi si huyu, tumtafute mwingine." Akamrudishia simu kwa mikono miwili, akashukuru.

Nilimfinya Masuda kiunoni. Aliguna tu "inshallah mtampata," akashika njia ya gari.

Humo garini nikamrukia. "Ala! Umemwacha mtu wa watu anatafuta ndege mwingine?"

"Nitamwambiaje, da Asila?" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Niliukuza mguu ule mpaka ukajaa skrini. Niliona umevimba, dada. Niliona, nikausawazisha kama shavu la biharusi. Sikufikiri ni mguu wa mtu… wa ndege, wa kiumbe. Najionea haya, najiona mtu mbaya."

Nikamwuliza picha ya asili iko wapi. Kaifuta, na kadi imeshapigiwa harusi nyingine juu yake. Jamani, hapakuwa na mama wa heroe aliyemkalia kooni! Kaifuta kwa mazoea.

Nilikuwa bado namsema alipofungua mlango, akarudi kwa miguu kwenye jua lile, nami nyuma yake navuta abaya na ndala. Alimkuta Kenneth anazungumza kwenye simu.

"Ndiye huyo huyo," Masuda akamwambia. "Pete alikuwa nayo. Uzi ulikuwepo, mguu wa kulia. Alisimama karibu na nguzo, upande wa mikoko. Vyote nimevifuta mimi."

Kenneth akatazama simu ya Masuda, akamtazama mwenyewe. "Lakini kwa nini, madam?"

Hakuuliza kwa ukali. Afadhali angefoka.

"Ili apendeze," Masuda akasema.

Walimpata jioni ile ile, amelala ubavu chini ya nguzo, anahema. Daktari wa wanyama alisema angefikiwa mapema, mkasi mmoja ungetosha na ndege akaenda zake. Lakini uzi ulikuwa umeshafika mfupani. Kulipokucha akafa.

Tangu hapo Masuda chakula anakichokoa tu. Kwa Daktari Shifaa alikwenda mwenyewe akaishusha picha, na alipoulizwa sababu akasema ina kasoro. Mie nimejaribu kumpoza, nikamwambia uzi hakuufunga yeye. Akanijibu, "Aliyeufunga hakuuona. Mie niliuona."

Juzi tulikuwa jikoni, Kenneth akapiga simu. Masuda mikono yake ilikuwa na unga, nikamwekea simu mezani kwa sauti ya juu.

"Sister, usiendelee kuumia," kijana wa watu akasema. "Sisi tunaomba ile picha yako tuiweke kibandani. Wenzangu wanataka kumkumbuka wakati alikuwa mzima."

Masuda akaliweka mezani donge la unga.

"Siku ile hakuwa mzima, Kenneth," akasema. "Ile niliyoisafisha si yeye. Picha yake sina."