Kila Hamira na Tumbo Lake

Bibi yangu wa Msimbu hali kitu asichokijua kilikotoka. Kwa hiyo nilipopata kazi Zegereni, kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo wa mananasi, nilimwambia natengeneza juisi. Huyu ndiye aliyenisomesha kwa korosho zake na kunifundisha kusali, ningeanzia wapi? Kila nilipokwenda kumwamkia nilijifukiza udi kwanza.

Mwaka jana kiwandani tulibadilisha hamira. Ya zamani iliadimika, tukaletewa ya aina nyingine, nami kwa ubishi wangu nikaipimia chakula kilekile. Hamira ni hamira, nilisema. Siku ya tatu tangi likanuka yai viza. Nikaongeza sukari, likazidi kunuka. Msimamizi akaniambia la pili likiharibika, nitafute pa kwenda.

Ijumaa nilifika Msimbu nimenyong'onyea. Bibi alikuwa akikoroga unga wa vitumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakufia?"

Nikamwambia kuna hamira kazini haishibi, ingawa naipimia kama ile ya kwanza. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mama yako na mjomba wako nimewazaa mimi. Mmoja alishiba nusu chapati, mwenziwe akiona ukoko tu sufuriani analia. Ningewapimia sawa, ningemzika mmoja."

Nilirudi nikasoma maelezo ya ile hamira, kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Kumbe vinasaba vya kila hamira ndivyo vinavyoamua itachukua amino asidi zipi, yaani vijenzi vya protini, kwenye maji ya nanasi, ianze na ipi, iache ipi, na itake kiasi gani. Yangu mpya ilikuwa mlafi. Sukari ilikuwa tele, amino asidi ndizo zilizokwisha, na hamira ikiwa na njaa hiyo hutoa harufu ya yai viza. Tangi la pili nikalilisha amino asidi mapema, kidogo kidogo. Likanukia nanasi, na kazi yangu ikabaki.

Sikuweza kuendelea kumdanganya mtu aliyeniokoa. Nikaenda.

"Bibi, si juisi. Ni mvinyo."

"Najua tangu siku ya kwanza. Juisi gani inafukiziwa udi?" Akanitazama sana. "Pombe ni haramu, hilo sikufichi. Nakuombea upate kazi nyingine. Lakini hukuokotwa wewe."

Nilimshukuru. Nikampa pakiti ya ile hamira, kavu, haijafunguliwa. Nilijua anaweza kuirudisha, na ningemwelewa. Aliifungua, akainusa, akaimimina kwenye unga wa mchele na tui.

"Tuone na hii tumbo lake."

Unga uliumuka polepole. Aliepua kitumbua cha kwanza. Akasema bismillahi, akakila yeye.

Cha pili akanipa mimi.