Cordless phone bila laini hapa Suna: nilidhani ni ya mama kutuita sisi

Wakuu, habari za mchana. Mimi humu ni msomaji wa kimya, lakini leo acha niandike yangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema hivyo hivyo.

Naishi Suna, hapa Migori. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma kule Masara, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu.

Nyumbani tuko mimi, mke wangu Achieng', na mama yangu ambaye ni mwalimu mstaafu. Alipovunjika nyonga nilimtoa Uriri nikamjengea kanyumba kake ndani ya boma letu, kama hatua hamsini kutoka kwa mlango wetu.

Shida ikawa mawasiliano. Smartphone ilimshinda, vidole vinatetemeka, anagusa hapa inafunguka pale. Kale kasimu ka vibonyezo anakasahau chini ya mto kakiwa kamezima. Akihitaji kitu anangoja tu mtu apite. Mama si mtu wa kuita.

Dada yangu anayeishi Uingereza alipokuja likizo akatuletea cordless phone ya digital. Box jipya kabisa, base moja ya kukaa mezani na handset mbili za kushika mkononi.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipoanza. Nilibeba box mpaka duka la simu mjini nikauliza kadi inaingia wapi. Muuzaji akaigeuza, akacheka. "Hii haina mahali pa line, boss. Peleka nyumbani mkaipange kwa kabati."

Mteja mmoja akanielekeza kwa fundi anaitwa Mzee Odongo, ambaye zamani alikuwa akivuta nyaya za simu za mezani.

"Omera, ndugu yangu, hii si simu ya mkononi," akaniambia. "Hii base unaichomeka kwa waya wa simu ya mezani. Handset zinaongea na base kwa redio. Ukienda mbali na base, handset inanyamaza."

"Na kama sina waya wa simu ya mezani?"

"Basi hutapiga nje. Lakini handset moja inaweza kuita nyingine humo humo nyumbani. Haitaki kadi, haitaki bundles."

Akaniambia pia zile za zamani, za analog, jirani mwenye redio angeweza kunasa maneno yako. Hii ya digital inafunga sauti kwa code, na handset lazima isajiliwe kwa base yake kwanza ndiyo isikike.

Kisha akauliza nimeweka betri gani. Nikamwonyesha zile za tochi, nilikuwa nimezinunua dukani njiani. Akazitoa haraka. "Hizi hazichajiwi. Ukiziweka kwa charger zitavuja au zipasuke. Tumia zilizokuja na simu."

Nikafunga. Base kwetu sebuleni, handset moja kwetu, ya pili kwa mama na kicharger chake. Mwanzoni sauti ilikuwa ikikatika, kumbe base ilikuwa nyuma ya kabati la chuma. Nikaihamishia dirishani, ikatulia.

Nikamweleza mama. Akanisikiliza kama anayesahihisha insha mbaya.

"Yaani nikihitaji kitu, nabonyeza hapa?"

"Ndiyo mama."

"Na nikihitaji watu?"

Nikamwonyesha tena kile kibonyezo. Mwezi mzima hakubonyeza.

Siku alipojaribu, stima ilikuwa imepotea. Akabonyeza wee, kimya. Jioni akanirudishia handset mkononi. "Chukua. Hata hii imekataa kuongea na mimi."

Nikarudi kwa Odongo. Kumbe handset ina betri lakini base haina, stima ikienda base inakufa na kila kitu kinakufa. Akanishauri ninunue ile mini UPS, kabetri ka akiba ambako watu wanaweka kwa router, bora volti zilingane na za adapta. Nikaweka. Mama akaipokea tena handset, lakini shingo upande.

Sasa wakuu, siku yenyewe.

Achieng' alikuwa na mimba ya miezi minane. Niliondoka asubuhi kwenda Masara. Stima haikuwepo tangu usiku, simu ya Achieng' ilikuwa imezima, lakini base ilikuwa bado inawaka kwa ile mini UPS.

Saa nne hivi kichwa kikaanza kumuuma vibaya. Akakaa kwa kiti. Alipotaka kusimama, miguu ikakataa. Handset ilikuwa mezani kando yake. Akabonyeza.

"Mama, sijisikii vizuri."

"Unaona sawasawa?"

"Naona nyota nyota tu."

Mama aliniambia baadaye kwamba mwalimu mwenzake alianza hivyo hivyo na hakurudi kutoka hospitali. Lakini siku hiyo hakumwambia Achieng' lolote.

"Shuka polepole, lala chini kwa ubavu wa kushoto," akamwambia. "Usikate. Natembea naongea na wewe."

Mama yangu huwa anachukua dakika kumi kufika chooni. Siku hiyo alishika mkongojo mkono mmoja, handset mkono mwingine, akaelekea geti.

Achieng' anasema alikuwa anamsikia akihema, akimuuliza jina atakalompa mtoto, akimwambia ataje lingine, na lingine. Karibu na geti sauti ikaanza kukatika. Kitu cha mwisho alichosikia ni, "Nyathina, mwanangu, sijaenda, nasikika tu mbali." Halafu kimya.

Mama akapiga kelele. Yule asiyeita mtu akaita mpaka Mama Zuhura akatoka mbio. Huyu ni jirani yetu wa kutoka Mombasa, anauza leso na vitambaa mjini, na siku hiyo gari lao lilikuwepo.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Mkwe wangu. Leteni gari sasa hivi."

Mumewe akambeba Achieng' mpaka garini. Hospitali wakapima pressure, ilikuwa juu sana. Wakampasua siku hiyo hiyo. Mtoto wa kike, mdogo, akawekwa kwa joto.

Mimi nilipata habari saa nane, nilipotoka pale network haishiki. Nilimkuta mama kwenye benchi la wodi, viatu vimejaa vumbi, handset bado mkononi inalia pip pip ikitafuta base.

"Mama, hiyo haishiki huku."

"Najua," akasema. "Sijapata nafasi ya kuiweka chini."

Nikaketi kando yake. Nililia, wakuu, sitaficha.

Achieng' na mtoto wako nyumbani sasa, wazima. Wengi wenu mtaniambia mngenunua tu power bank ya kuchajia simu, na ni kweli. Anayetaka cordless basi ajue: bila laini ni ya kuitana nyumbani tu, base iwe na backup, betri ziwe za kuchaji, na pima inafika wapi kabla hujaihitaji.

Lakini somo langu ni lingine. Nilimwekea mama simu ili aombe msaada. Haikuwahi kunijia akilini kwamba kuna mtu wa nyumba hii atamhitaji yeye.

Karibuni mnikosoe. Na aliye na mzazi nyumbani aniambie: mara ya mwisho wewe ulimwita lini?