Vidole Vinne vya Jepkoech

Katika senta yetu ya Kuresoi, lori la viazi haliondoki kabla Jepkoech hajapima kwa vidole pengo kati ya tairi la nyuma na bodi. Miaka kumi na tisa amesimamia upangaji wa magunia na kufunga kamba, na hakuna lori alilolisimamia lililowahi kupinduka barabarani. Hana shamba wala ng'ombe. Ana sifa hiyo tu.

Jumanne moja, baada ya mvua ya siku mbili, magunia mia moja yalikuwa yamepangwa na turubai kukazwa. Maxwel, dereva mgeni kwetu, alikuwa ameshawasha injini. Jepkoech akapima kulia: vidole vinne. Kushoto vikaingia viwili.

Akapima tena: viwili. Viazi vya bondeni vilikuja na matope, vizito kuliko vya mlimani, naye alikuwa ameacha vyote vipangwe upande mmoja. Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Angenyamaza, pengine lori lingefika Nakuru salama. Pengine lingepinduka kwenye mteremko wa Sachangwan, na Maxwel ndani yake.

"Zima gari," akasema. "Tunashusha."

"Kushusha nini, mathe? Soko itaningoja?"

"Mzigo umelala upande. Nimekosea mimi."

Wapakiaji, waliokuwa wameketi kunywa chai, wakapiga kelele.

"Aii, Jepkoech!" akasema Kibii, mkubwa wao. "Makosa yako, mabega yetu? Sasa umezeeka!"

"Nimezeeka, sijapofuka. Weka kikombe chini, Kibii."

Akalifungua fundo la kwanza mwenyewe, mbele ya senta nzima.

Walishusha nusu ya mzigo wakinung'unika. Walipoanza kupakia tena, Kibii alisimama na gunia begani, akaita kwa kejeli: "Hili la bonde ama la mlima, madam?" Jepkoech akamwonyesha mahali. Gunia la pili akauliza tena. Kufikia safu ya tatu wote walikuwa wakiuliza, na hakuna aliyecheka.

Kamba zilipokazwa, Jepkoech alikwenda kwenye tairi akamkuta Maxwel amechutama hapo, akipima kwa vidole vyake mwenyewe. Vinne kulia. Akazunguka. Vinne kushoto.

"Niende, mathe?"

Jepkoech akapiga ubavu wa lori makofi mawili. Likashuka kuelekea Molo, njia ya Nakuru, limenyooka, naye akalitazama mpaka likapotea kwenye kona, mikono yake yenye matope imeshika kiuno.