Mmea Uliobaki Kabatini

Mwanangu, kabla hujafunga mkoba wako wa safari ya kesho ya kukusanya mimea, weka hiyo simu chini unisikilize kidogo. Iko siku moja ambayo nikiikumbuka, hata chakula hakipiti.

Tulikuwa wanafunzi wa ikolojia ya mimea, mimi na Nekesa, msichana wa Busia mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Mwalimu wetu, Mzee Owor, alitupeleka kwenye kinamasi karibu na Mulanda kutafuta mmea mdogo wa maua ya zambarau aliouona ujanani. Watu walikuwa wamelima mpunga karibu kote. Mzee alitaka sana kuuona tena kabla hajastaafu.

Nekesa ndiye aliyeuona. Akafanya tulivyofundishwa: akauchimba na mizizi yake, akaosha tope, akaulaza kati ya magazeti, akaukandamiza kwa mbao na kukaza kamba. Kisha akaja mbio.

"Mwalimu, nimepata! Mizizi yote iko!"

Mzee alifunua gazeti, akatabasamu. Halafu tabasamu likaondoka.

"Ulikuta ingine karibu?"

"Hapana, mwalimu. Ilikuwa hiyo moja tu."

"Ulitafuta kwanza, ama uling'oa kwanza?"

Nekesa akageuka kutazama shimo alilochimba. Mzee akakaa pale pale majini, suruali na yote.

"Binti yangu," akasema polepole, "sasa tuko nayo ya kuonyesha watu, lakini huku tumeimaliza."

Kila msimu wa mvua tulirudi. Hatukuona kitu. Mzee alifariki bila kuuona tena umesimama. Nekesa siku hizi anabadilisha fedha mpakani, na ukimtajia maabara anageuza mazungumzo. Mmea wenyewe umo kwenye kabati hilo nyuma yako, umekauka, umekuwa rangi ya chai. Chini yake pameandikwa jina la aliyeuchuma, kama ilivyo desturi yetu. Ufungue uutazame. Mimi siwezi.

Basi kesho ukikuta mmea usioujua, funga mikono yako nyuma kwanza. Zunguka, utafute mingine. Ukiikosa, piga picha, chuma jani moja, uondoke, hata kama shahada yako inangoja mmea mzima na mizizi yake. Ukirudi mikono mitupu sitakugombeza.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona, na mwakani akurudishe palepale uukute bado umesimama.