Mito ya Boti Msibani Kanyenye

Simu iliita Jumanne asubuhi, nikiwa nyumbani kwangu Itetemia nafunga kamba za viatu. Alikuwa binti wa mama aliyekuwa fundi wangu wa makochi. "Kaka, mama ametutoka alfajiri," akasema. Kisha akaongeza, kama mtu anayekabidhi zamu: "Na ile mito ya boti ya Kigoma bado iko uani." Nikabaki nimekaa na kiatu kimoja mguuni. Wasomaji wa safu hii mnanijua, maneno huwa nayo hata pale yasipotakiwa. Asubuhi ile sikuwa nayo. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama yule, nikanywa kahawa yake, nikamsikia akikohoa, nikaaga na kuondoka. Hilo ndilo linalonikaa rohoni mpaka leo, na ndilo nitakaloliandika.

Alitoka katika moja ya zile familia za Kanyenye zenye asili ya Omani, ambazo biashara ilizileta Tabora enzi za mababu na zikawa za hapahapa. Duka la marehemu mumewe lilipofungwa, yeye aliufungua mlango uleule akaweka cherehani. Alishona vitambaa vya makochi kama mafundi wengine, lakini sifa yake hasa ilikuwa kuisafisha mito iliyoshikwa na ukungu. Mimi nilimjua kwa aibu. Masika moja bati langu lilivuja juu ya kochi. Niliianika mito nusu siku, nikaipapasa, nikaona imekauka, nikaifukiza udi na kujipongeza. Wiki ya tatu wageni wakaanza kukaa upande wa dirishani. Nikambebea mto mmoja, nikijitetea njia nzima kwamba ni kaharufu kadogo tu. Aliupokea mto. Alifungua zipu, akaivuta sponji nusu, akanisogezea usoni. "Nusa." Nikanusa, nikarudi nyuma hatua mbili. Ndani palikuwa na madoa meusi na maji ya tangu siku ile ya mvua.

"Nani kakwambia ufukize kitu kibichi?" akauliza.

"Bi Mkubwa, nilidhani kimekauka."

"Kilichokauka ni kitambaa, na wewe ulishika kitambaa. Udi ni wa kitu kisafi, mwanangu. Ukifukiza uvundo, unauvisha nguo ya Idi tu."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akanifundisha kazi papo hapo, maana hakuwa mchoyo wa ujuzi. Kitambaa huvuliwa na kufuliwa peke yake. Sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye siki, kisha sabuni kidogo, ikikamuliwa kwa kubonyezwa na viganja, kamwe si kwa kusokotwa. Hulazwa juu ya chanja ya fito ili upepo upite chini na juu, kivulini, kwa sababu jua kali huivunjavunja. Hugeuzwa asubuhi na jioni, siku nne au tano. Anayetaka kwa kesho aende kwa fundi mwingine.

Mteja wake mkubwa kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Kigoma, mwenye boti ya tanga yenye chumba kidogo ndani, aliyoitumia kuwatembeza wageni ziwani. Boti ikifungwa masika nzima, mito ya humo ndani huota ukungu mpaka kwenye mishono. Basi kila kipupwe kilipoingia, mzee aliitia kwenye viroba akaipakia treni, ikaja Tabora kwa njia ileile ambayo wapagazi wa zamani walipitisha mizigo yao kutoka ziwani. Nilimuuliza mama kwa nini isisafishwe kulekule. "Huko upepo umelowa," akasema. "Wa huku ndio fundi, mimi ni msaidizi wake." Ziwa lenyewe hakuwahi kuliona. Lakini mito ya boti haikatwi mraba kama ya makochi, hufuata ubavu wa chombo, mmoja umepinda, mwingine umechongoka. Siku moja nilimkuta ameipanga yote sakafuni uani, kila mmoja mahali pake, na boti nzima ikaonekana. "Karibu ndani," akanitania, "ila uvue viatu, hii boti ya watu." Nikaingia nikakaa. Akanionyesha kule mbele panapobana, ambako lazima walale watoto. Akanionyesha pa mzee mwenyewe, sponji ilivyobonyea. Mkabala wake palikuwa pamebonyea kidogo zaidi kwa nje, pa mtu anayekaa ukingoni ili ainuke upesi kupika chai. "Huyo mkewe," akasema, na hakuwa amemwona.

Mwaka uliofuata mito ilikuja, akaushika ule wa mkabala kwa muda mrefu. Sponji ilikuwa imejaa, haina alama ya mtu. Akampigia mzee simu mbele yangu. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, mama." "Nzuri kweli, baba? Mbona mto wa mkeo haujakaliwa?" Nikamsikia mwanamume mtu mzima akilia ndani ya kile kisimu. Mkewe alikuwa kitandani miezi minne na hakuwa amemwambia mtu yeyote nje ya nyumba yake. Mama aliiacha kazi ya siku nzima akaongea naye.

Sasa mtu kama huyo ndiye niliyemtembelea Ijumaa ile. Udi ulikuwa mzito sebuleni, mzito mno hata kwa siku ya Ijumaa. Alikohoa, akafunika mdomo kwa kitambaa, akakikunja haraka. Pua yangu ilijua. Yeye mwenyewe alikuwa ameifundisha. "Vumbi la sponji tu, mwanangu," akasema, "miaka yote nalivuta." Nami nikajibu, "Pole, Bi Mkubwa," nikaanza kumsimulia habari za barabara. Niliona haya kumchokonoa mtu mzima. Binti yake ameniambia baadaye kwamba mama alikuwa akitema damu tangu Ramadhani, na vitambaa alivificha chini ya godoro. Nimejikasirikia, na sioni sababu ya kuacha.

Tumelelewa hivi. Kwetu mtu akiulizwa habari, hata aliyetoka kuzika hujibu kwanza "nzuri", ndipo aseme "ila". Ni adabu nzuri, humkinga mwenzako asishtuke. Siku hizi tuna haraka. Tunaipokea ile "nzuri", tunaishukuru kwa kutupa ruhusa ya kwenda zetu, na "ila" inabaki mdomoni mwa mwenyewe. Ofisini ni hivyo, kwenye simu ni hivyo, hata kitandani kwa mke na mume. Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema lolote kuhusu sisi tunaomsaidia kuyaficha.

Tulimzika Jumanne ileile baada ya alasiri. Tuliporudi, wanaume tukakaa nje chini ya turubai, na mikeka haikutosha. Majirani, kwa wema wao, walikuwa wameona vitambaa vya mito ya boti vimekauka kambani, wakaivisha ile sponji iliyokuwa kwenye chanja, wakafunga zipu na kututandikia. Mama alikuwa ameiosha Jumapili. Nilikaa, na muda si mrefu nikahisi maji yakipanda kwenye suruali. Nikamtazama aliyekaa kando yangu, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe, akatazama mbele. Nikawatazama wengine. Kila mmoja alikuwa amelowa, na kila mmoja alikuwa ametulia, asije akawaudhi wafiwa. Tulikaa hivyo mpaka dua ikaisha. Tulipoinuka, kanzu zote zilikuwa na doa nyuma. Nililia pale, nilikuwa sijalia makaburini.

Siku ya tatu nilirudi. Binti alikuwa uani peke yake, anavua vitambaa na kuirudisha sponji kwenye chanja. Nikashika upande wa pili.

"Habari yako, dada?"

"Nzuri, kaka. Tunamshukuru Mungu."

Nilikuwa nageukia mto mwingine. Nikasimama. "Nzuri kweli?"

Akaiweka sponji chini. "Kifua kinanibana, kaka. Tangu mwaka jana. Nilikuwa namficha mama."

Jumatatu nilimsindikiza hospitali, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na sasa ameanza dawa. Mito ilikaa kwenye chanja siku zake tano kamili, kisha ikapanda treni kurudi Kigoma. Nami sina hekima kubwa ya kuwaachia, wasomaji wangu. Kitambaa hukauka upesi. Mtu akikwambia nzuri, muulize mara ya pili, kisha usiondoke mpaka amejibu.