Mpira wa Emmett Ulipotua kwa Mama Yake

Bernadine Kostka alikuwa na miaka sitini na mitatu, magoti mabovu, na mamlaka ambayo hakuna aliyempa. Kwa misimu thelathini na mmoja alikalia kiti kilekile, safu ya pili nyuma ya ukuta wa kushoto, akiishangilia timu yetu ya Wafuachuma ikichapwa. Mvua ikinyesha, yupo. Tukifungwa mechi kumi na nne mfululizo, yupo, anatafuna karanga na kumtukana mwamuzi kwa jina la ukoo wake. Mumewe alipomtaka achague kati yake na besiboli, alimwomba asogee kidogo, maana alikuwa anaziba televisheni.

Jukwaani kwetu kuna sheria moja. Mpigaji wa timu ngeni akiupiga mpira ukavuka ukuta na kutua kwetu, aliyeudaka haendi nao nyumbani. Anautupa uwanjani palepale, kama mtu anayetoa panya jikoni. Viwanja vingine wanafanya hivyo kwa mzaha. Kwetu Bernadine ndiye polisi, hakimu na gereza: ukibaki na mpira, unatoka, na hurudi mpaka msimu ujao. Mzee Orville, fundi bomba mstaafu anayekaa kushoto kwake, aliwahi kurusha mpira wa bandia na kuuchomeka wa kweli kwenye soksi, ampelekee mjukuu. Bernadine akamkagua soksi. Mzee alimaliza msimu ule nje ya geti, karibu na muuza soseji, akisikiliza redio.

Mwaka huu yakatupata makubwa: tukaanza kushinda. Mashabiki maandazi, wale wanaofuata ushindi tu, wakamiminika, kofia zao mpya bado zina stika zinazong'aa. Mmoja wao, Preston, muuza bima, alikuwa amejipatia kiti cha kulia kwa Bernadine tangu Agosti.

"Mama, huyu namba saba ni mpya?"

"Ana miaka sita hapa. Mpya ni wewe."

Ikafika Jumapili ya mwisho ya Septemba, saa nane mchana. Tulicheza na Masuke, na atakayeshinda angeingia mtoano. Wafuachuma hawajawahi kuuona mtoano tangu Bernadine aanze kukalia kile kiti. Na siku tatu kabla, Masuke walikuwa wamemwita kikosini kijana aliyesota miaka minane kwenye ligi ndogo, akisafiri kwa basi na kulala moteli zenye kunguni. Anaitwa Emmett Kostka. Bernadine hana mtoto mwingine.

"Sasa leo unamshangilia nani?" Preston akauliza.

"Rudia hilo swali nikung'oe jino."

"Mwache, kijana," Orville akasema. "Tangu asubuhi hajagusa karanga."

Awamu ya sita kati ya tisa, sisi tuna pointi mbili, wao moja. Emmett akaingia na gongo lake. Jukwaa lote likamzomea, kama inavyopasa. Bernadine naye alizomea. Sauti ikamkatikia katikati. Mrushaji wetu akatupa, kijana akakosa. Akatupa tena, akakosa tena. Likibaki kosa moja tu atoke, mrushaji akaleta mpira wa kati, mnene kama tikiti.

Mlio wa gongo ulitosha. Tuliangalia juu. Bernadine akasimama, akavua kofia, akaikinga. Hakulazimika kusogea hata hatua. Mpira ukaingia.

Mbili kwa mbili. Kule chini Emmett alizunguka vituo vyote vinne kichwa kikiwa chini. Ulikuwa mpira wake wa kwanza kuvuka ukuta katika Ligi Kuu, na mpira wa kwanza ni mmoja tu.

"Rudisha! Rudisha!" jukwaa likaanza. Wenye stika ndio waliopayuka zaidi.

"Msaliti huyo! Anaukumbatia!"

"Hivi nani kamwingiza huyu bibi humu?"

Preston akamwinamia, akafungua zipu ya begi lake. "Mama, ninao wa akiba. Nilinunua duka la nje, nikaona bora nijiandae. Rusha huu. Nani atajua?"

"Orville atajua."

Orville alikuwa anakagua mawingu. "Mimi nina mtoto wa jicho. Sioni chochote."

Bernadine akashika mipira miwili, mmoja kila mkono. Wa Emmett ulikuwa na alama ya gongo ubavuni. Wakati huohuo skrini kubwa ya uwanja ikamwonyesha, uso wake mpana kama ukuta wa nyumba, na watu elfu arobaini wakageuka kumtazama. Emmett naye akaiona. Akatoka kwenye benchi la Masuke, akasimama kwenye ngazi. Alikulia katika jukwaa lile. Alipokuwa na miaka minane aliwahi kurudisha mpira kwa mkono wake mwenyewe huku analia. Akauinua mkono, akamwonyesha mama yake ishara ya kurusha. *Tupa, Mama.*

Sisi tulipiga hesabu. Akitupa, anabaki kwenye kiti chake, pengine anauona ule mtoano aliousubiri miaka thelathini na mmoja. Asipotupa, umempita.

Akamrudishia Preston mpira wake. Wa Emmett akautia kifuani, ndani ya blauzi.

"Orville. Sheria inasemaje?"

"Bernie, kaa chini bwana."

"Nimekuuliza."

Mzee akaangalia soksi zake. "Anatoka. Mpaka msimu ujao."

"Basi ondoa miguu, nipite."

Orville akaondoa miguu, kisha akatoa redio mfukoni. "Betri ni mpya," alisema, bila kumwangalia.

"Na wewe," Bernadine akamwambia Preston, "kalia kiti changu. Mwakani tukianza kufungwa nikakuta hupo, nakufuata ofisini kwenu."

Akapanda zile ngazi kwa magoti yale, huku anazomewa na watu waliozijua sheria zetu mwezi uliopita. Hakugeuka.

Yaliyobaki tulisimuliwa na muuza soseji. Bernadine alikaa juu ya kreti nje ya geti, redio mapajani, akagoma kula. Awamu ya nane tukapata pointi, tukawa mbele, tatu kwa mbili. Awamu ya tisa Masuke wakabakiza mpigaji mmoja, na mwenzao tayari yuko kituo cha pili, anasubiri kukimbia. Mtangazaji akamtaja anayeingia: Kostka.

"Mama, huyo si mwanao?" muuza soseji akauliza.

"Ndiye."

Akautoa mpira kifuani, akaukamata kwa mikono miwili. Kisha akaiinamia redio, akampigia mrushaji wetu kelele mpaka geti likasikia:

"Mrushie ya chini! Karibu na magoti! Tangu mdogo hiyo haiwezi!"