Merikebu ya Fundi wa Sare

Fundi wa sare za shule, anayeshonea barazani kwenye duka la Khatija, Mama Hozefa, pale mtaani Ngokolo, huongea akiwa amebana pini midomoni, na humwambia kila mzazi lilelile: "Nimeacha pindo, mtoto anakua." Juzi alinunua dukani humo boksi la merikebu ya plastiki ya kuunganisha, akivutiwa na picha yake ya matanga yaliyojaa upepo. Boksi lilipofunguliwa, Khatija ndiye aliyeona aibu. Milingoti ilikuwa imepinda, mbavu hazikutaka kukutana, na matanga yalikuwa magumu kama vifuniko vya ndoo. "Irudishe tu, fundi," alimsihi. "Hapana, Mama Hozefa, huyu anataka kubanwa kidogo kiunoni." Fundi akaipaka merikebu gundi, akaifunga kwa utepe wa kupimia, akanyoosha milingoti kwa pasi. Matanga akayatupa, akakata mengine kwenye mabaki ya mashati meupe.

Jumamosi akajaza maji kwenye beseni, wateja wakazunguka. Khatija alisimama mlangoni akiomba kimoyomoyo, maana mtaa mzima ulijua nani aliiuza. Merikebu ikaelea, ikasita, kisha ikalala ubavu, matanga yake mapana yametandazika juu ya maji kama shuka. "Fundi," Khatija akauliza taratibu, "mbona matanga yamemzidi hivyo?" Fundi akatoa pini zote mdomoni, jambo ambalo Khatija hakuwahi kuliona, akaiinua merikebu na kuikung'uta maji.

"Nimeacha pindo, Mama Hozefa. Bado anakua."